Seneti ya nini, na wabunge tunao?

Ndugu yangu, tazama hesabu ya Kenya yetu. Viti vya Bunge la Kitaifa hufuata idadi ya maeneo bunge: Mombasa ina 6, Lamu 2, na kila kaunti huongezewa mwakilishi mmoja wa kike. Seneti ni kinyume. Mswada unaohusu kaunti ukipigiwa kura, kila kaunti ina kura 1 tu, na hupita kwa 24 kati ya 47. Hapo Lamu na Nairobi ni sawa. Mabunge haya yakikosana, huundwa kamati ya upatanishi, idadi sawa kila upande. Siku 30 zikipita bila mwafaka, mswada umekufa. Mswada wa ugavi wa mapato, unaogawa pesa kati ya serikali kuu na kaunti, ukifika kwenye kamati hiyo (nao hufika!), pesa za kaunti hukwama na mishahara katika hospitali za kaunti huchelewa.