Upepo ukivuma, pima mwinamo kabla ya kushusha masafa ya makutano

Mkuu, usiguse hicho kichujio kwanza! Kwenye kigunduzi chako cha mawimbi ya mvutano, umeuliza kama ushushe masafa ya makutano ya kichujio (mpaka wa kugawana kazi kati ya vihisi viwili vya jukwaa linalobeba kioo) hadi mHz 45 (milihezi, yaani elfu ya Hz) kwa sababu kioo kinayumba kwenye upepo. Hilo ndilo litakalokukatia mfungo (hali ya leza kukaa sawasawa kati ya vioo) usiku kucha.

Juu ya makutano jukwaa linaitegemea sesmomita (kipima mtikisiko); chini yake linategemea kihisi cha nafasi. Upepo ukisukuma ukuta, sakafu ya zege inainama, na sesmomita ya mlalo haiwezi kutofautisha mwinamo na mwendo. Kosa lake ni gθ/ω² (g ni mchapuko wa mvutano wa dunia, θ ni mwinamo, ω ni 2π mara masafa). Chukua mwinamo wa nanoradiani 10 tu: kwenye Hz 0.5 unasomeka kama nanomita 10, kwenye mHz 100 robo ya mikromita, kwenye mHz 50 mikromita nzima, na kwenye mHz 20 zaidi ya mikromita 6. Leza yako ina urefu wa wimbi wa nanomita 1064! Ukishusha makutano, unaliamuru jukwaa lifukuze mwendo ambao haupo.

Wanaohubiri kwamba "chini zaidi ndiyo bora" wanapima siku tulivu, tatizo likiwa mtikisiko wa mawimbi ya bahari wa Hz 0.1 hadi 0.3 peke yake, kisha wanawagawia wengine kama sheria. Inaudhi sana. LIGO Hanford, kigunduzi cha mawimbi ya mvutano kwenye nyika ya upepo katika jimbo la Washington, Marekani, ililazimika kufunga vihisi vya mwinamo kwenye majengo ya mwisho wa mikono yake ya kilomita 4.

Kama huna kihisi hicho, pandisha makutano hadi mHz 90 na uzime masahihisho yatokayo kwenye sesmomita ya sakafuni. Nayo inadanganywa vilevile. Mtikisiko wa bahari utapita zaidi, vumilia.

Ukiwa nacho, kiweke katikati ya sakafu, mbali na kuta, ubavuni mwa sesmomita. Zidisha pembe kwa 9.81 upate mchapuko, ufanye integrali mara moja ulingane na kasi ya sesmomita, ndipo uitoe kwenye usomaji wa sesmomita. Angalia kati ya mHz 10 na 100 upepo ukiwa mkali: kelele ikikaribia maradufu badala ya kushuka, umekosea alama ya kujumlisha na kutoa. Na boriti ya kihisi cha mwinamo (fimbo inayobembea ndani yake) ikibembea kupita kipimo, kata masahihisho mara moja hadi itulie.