Kuchomoa magazini hakutoshi: mfundishe mjukuu akukague hata wewe

Mkuu, subiri kwanza. Umeuliza mjukuu wa miaka tisa aanze na bunduki gani, umri gani unafaa, darubini ipi ya kufunga, na cheti cha uwindaji hapa Texas kinapatikanaje. Nimesoma yote. Lakini katikati umepitisha haraka haraka kwamba usalama hauna shida kwa sababu "mimi huchomoa magazini kabla sijampa", yaani lile kasha la risasi. Hapo nikaacha kila kitu nikakaa kuandika. Maneno hayo hayo niliyasema mimi mbele ya binti yangu, kwa kujiamini kama wewe, na nyumba yangu ilitobolewa ukuta na risasi iliyopigwa na mtoto wake.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa, maana ukielewa sababu hutahitaji kunikumbuka mimi.

Tulikwenda kulenga makopo shambani kwa jamaa yangu, nje ya Houston, mimi na huyo mjukuu. Tulikuwa na raifo ya .22 (ya risasi ndogo) ya semi-otomatiki yenye magazini ya risasi kumi, ambayo karibu kila familia ya huku huanzia. Alilenga vizuri mno. Mvua ikaanza kabla hajamaliza magazini, nikamwambia acha, tukimbie. Nikachomoa magazini, nikaitia mfukoni, raifo ikaingia kwenye begi. Kichwani mwangu bunduki ilikuwa tupu.

Sasa angalia inavyofanya kazi. Kwenye semi-otomatiki, kila risasi inapotoka, bunduki yenyewe hutupa ganda nje, huvuta risasi nyingine kutoka kwenye magazini na kuisukuma ndani ya chemba, pale nyuma ya mtutu. Ukisimama katikati ya magazini, tayari kuna risasi moja imekaa chemba inasubiri triga. Ukichomoa magazini umeondoa zile zilizobaki kwenye foleni. Ile moja haina habari na magazini tena, imeshaondoka huko. Na sefti, ile swichi ya kuzuia triga, haisaidii kitu mtoto akiisogeza kwa kidole.

Nyumbani nikaiweka mezani nimwonyeshe kusafisha. Nikamkabidhi. Akaipokea kwa mikono miwili, kama mama yake alivyomfunza kupokea kitu chochote kutoka kwa mkubwa. Hakuiangalia. Kwa nini aiangalie? Babu ndiye aliyempa. Akabonyeza triga asikie inavyolia.

Kuta za nyumba za huku ni jipsam, si tofali. Risasi ikapita ukuta wa kwanza na wa pili, ikaishia kwenye kabati la chumba ambacho bibi yake alikuwa anakunja nguo. Hakuguswa. Mtoto hakulia, aliganda, kisha akaanza kuniomba msamaha. Elewa hilo, mkuu. Mtoto ananiomba msamaha kwa jambo nililolifanya mimi. Binti yangu alikuja usiku ule ule kumchukua, na kwa muda mrefu sana baada ya hapo wajukuu tuliwaona mgahawani tu, kama wageni. Ukuta niliuziba kwa dola chache. Hili la pili bado nalilipia.

Na sasa niseme juu ya aliyenipotosha, maana najua yuko mwingine kama yeye karibu na kwako. Ni muuzaji wa silaha, mtu mzima, anayeishi kwa kazi hiyo. Nilimuuliza waziwazi: nikitaka kumpa mtoto bunduki aishike tu, nifanye nini? Akanijibu: toa magazini, imekwisha hiyo. Akachukua bastola yake, akachomoa magazini, akabonyeza triga mbele yangu. Kimya. Nikaamini. Baadaye sana ndipo nilipojifunza kwamba zipo silaha zilizowekewa kizuizi, magazini ikitoka triga haifanyi kazi. Browning Hi-Power ya zamani iko hivyo. Nyingine nyingi haziko hivyo kabisa: Glock ya kawaida itapiga risasi iliyoko chemba hata kama magazini yake iko chumba kingine. Yaani alichukua tabia ya bastola moja akanipa kama kanuni ya bunduki zote, na mimi nikiwa nimemwambia ni kwa ajili ya mtoto! Nilimrudia nikamweleza yaliyotokea. Akaniambia "ungeangalia chemba". Kweli ningeangalia. Lakini siku nilipouliza, neno chemba halikumtoka.

Wengine nao ni sisi wenyewe tuliopita JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa mujibu wa sheria kabla haijasitishwa mwaka 1994. Tunakaa kwenye sherehe za Watanzania tunasema "silaha tunaijua". Tulichokijua ni kutii. Pale kwenye shabaha kulikuwa na afande anayepita kwa kila mmoja, anafungua, anaangalia ndani, ndipo unaondoka. Kazi ya kukagua ilikuwa yake. Nyumbani kwako hakuna afande, na usijidanganye kwamba ni wewe. Mpe mjukuu cheo hicho.

Hiyo ndiyo kanuni yangu, sina nyingine: mtoto asipokee bunduki mkononi mwa mtu yeyote, hata wewe babu yake, mpaka imefunguliwa na yeye mwenyewe ameona chemba tupu.

Najua inavyokwaruza. Sisi watoto wetu tumewalea waamkie, wapokee kwa mikono miwili, wasichunguze mkubwa alichowapa. Ni adabu nzuri na sitaki ipotee. Lakini kwenye bunduki adabu hiyo inaua, na lazima umwambie mtoto kwa mdomo wako kwamba hapa ana ruhusa ya kumkatalia babu. Mwambie zaidi ya mara moja, maana mara ya kwanza hataamini. Mimi sasa nikimnyooshea wangu bunduki iliyofungwa, anarudisha mikono nyuma na kusema "fungua, babu". Mara ya kwanza aliposema hivyo mbele ya wageni, mzee mmoja aliguna. Mimi nilifurahi hadi koo likanikaba.

Utaratibu wenyewe uko hivi, na mpangilio wake usiubadilishe. Mtutu uelekee pasipo na mtu, kidole mbali na triga. Magazini itoke KWANZA. Kisha vuta mpini wa kukoki hadi mwisho, zaidi ya mara moja, risasi kama ipo irukie nje. Ukikoki kabla ya kuchomoa magazini, unatoa risasi moja na kuingiza nyingine, halafu unachomoa magazini huku unajipongeza. Watu wazima wengi sana wamepiga risasi sebuleni kwa kosa hilo moja. Baada ya hapo zuia bolti, kile chuma kinachofunga chemba, ibaki wazi, uangalie ndani ya chemba kwenye mwanga, kisha uingize kidole kidogo upapase. Jicho peke yake halitoshi, hasa jicho la umri wetu jioni. Ndipo mtoto naye aangalie, apapase, aseme kwa sauti "chemba tupu", na apokee ikiwa bado wazi. Akikurudishia, wewe unakagua upya hata kama hukuondoa macho yako kwake. Ikiwekwa chini dakika moja mtu aende kunywa maji, mnaanza upya.

Usimruhusu mtu "kuhakikisha" kwa kubonyeza triga. Hiyo ndiyo njia ya kugundua risasi iliyobaki ukiwa umechelewa, na bunduki nyingi za .22 hazipendi kubonyezwa bila risasi. Pini hugonga ukingo wa chemba. Na kuna za .22 ambazo hazina magazini ya kuchomoa, risasi zinakaa kwenye bomba chini ya mtutu. Hizo ndizo hudanganya zaidi: mtu anatafuta magazini, haoni, anasema haina kitu.

Nunua vile vibendera vya plastiki vya rangi kali vinavyochomekwa kwenye chemba. Kwenye mashindano ya 4-H, jumuiya ya vijana ya huku Marekani, bunduki isiyotumika hukaa wazi ikiwa na kibendera hicho, na thamani yake ni kwamba hakiwezi kuingia kama risasi ipo. Kufuli ya waya nayo ni hivyo: inapitishwa kwenye bunduki iliyofunguliwa, kwa hiyo kila ukifunga unalazimika kuona chemba. Idara nyingi za polisi huku huzigawa bure kupitia mpango wa Project ChildSafe. Nenda kaombe, hawatakuuliza maswali mengi.

Maana umesema pia kwamba raifo inakaa nyuma ya mlango wa chumba chako na mtoto "ameambiwa asiguse". Mkuu! Mwaka 2001 jarida la Pediatrics lilichapisha utafiti wa Atlanta. Wavulana wa miaka 8 hadi 12 waliwekwa, wawili wawili au watatu watatu, kwenye chumba chenye bastola halisi isiyoweza kudhuru, imefichwa ndani ya droo. Makundi yalikuwa 29. Makundi ishirini na moja yaliikuta, 16 yakaishika, na katika 10 kuna aliyebonyeza triga. Zaidi ya asilimia 90 ya wavulana walioishika au kubonyeza walikuwa wameshafundishwa usalama wa silaha kwa namna fulani. Wameambiwa kama wa kwako. Karibu nusu ya wavulana walioikuta walidhani ni ya kuchezea au hawakuwa na uhakika. Kumwambia ni lazima, lakini kufuli ndiyo inayomzuia. Na kwa sheria ya Texas, mtoto wa chini ya miaka 17 akiifikia silaha yenye risasi uliyoiacha ovyo, wa kujibu ni wewe, na adhabu inapanda kama ameua au kujeruhi vibaya.

Asije mtu hapa kuniambia babu arudi kijijini akalinde mahindi kwa manati. Manati nayo nafundisha, na raha yake ni kwamba haina chemba.

Bunduki ya kuanzia: chukua ya .22 ya risasi moja moja, ya bolti, yenye kitako kifupi. Mtoto anaweka risasi kwa mkono wake, anaiona ikiingia, anaona ganda likitoka, anajua muda wote hali ya chemba. Hiyo semi-otomatiki uliyosema umeshanunua itasubiri. Miwani na vizibo vya masikio kabla ya risasi ya kwanza, kilima cha udongo nyuma ya shabaha, na usidharau .22 kwa udogo wake. Maboksi mengi ya risasi zake yanaonya kwamba inaweza kufika maili moja na robo, karibu kilomita mbili. Cheti cha uwindaji anaweza kukipata kuanzia miaka tisa, na wewe pia unakihitaji kama ulizaliwa tarehe 2 Septemba 1971 au baadaye. Kaeni darasani pamoja.

Umesema wajukuu wanafika Jumamosi. Ile iliyo nyuma ya mlango nenda kaifungue leo, kwa mpangilio niliouandika, kisha rudi hapa utuandikie ulichokikuta kwenye chemba.