Kuipekua simu yake kila usiku hakutakuponya

Dada, pole sana. Unasema mumeo amekiri kuchepuka, ameomba msamaha, nawe umeamua kubaki, ila kila akilala unaichukua simu yake na kuipekua. Sikulaumu, aumwaye na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Lakini kazi ya kurudisha imani si yako, ni yake. Yeye ndiye aseme yuko wapi kabla hujauliza, na akate mawasiliano na yule mwanamke kabisa, siyo "tunasalimiana tu".

Kwanza kabisa mkapime VVU na magonjwa mengine ya zinaa. Kipimo cha VVU mkirudie miezi 3 tangu mumeo alipokutana na yule mwanamke mara ya mwisho. Hadi hapo ni kondomu. Najua kulisoma hili kunauma.

Maswali muulize: ilianzaje, iliisha lini, nani anajua. Ya kitandani yaache, majibu yake hayatoki kichwani. Akianza "si nilishaomba msamaha, mbona husahau?", basi ana haraka kuliko jeraha lako. Hapo mwendeeni mshauri wa ndoa. Akigoma, nenda peke yako.