Kuirudia Tarumbeta Ukubwani: Midomo Ndiyo Ipewe Muda

Mtu aliyepiga tarumbeta shuleni au kanisani, kisha akaiacha miaka mingi kwa ajili ya kazi na malezi, huirudia akiwa na matumaini makubwa kuliko mwanafunzi anayeanza leo, na hapo ndipo hatari yake ilipo. Vidole havisahau. Niliporudi, mkono wangu wa kulia ulizijua vali zote tatu, zile zinazobonyezwa kubadili noti, kana kwamba sikuwahi kuziacha, na sikio lilijua noti inayofuata kabla sijaivutia pumzi. Kilichogoma ni midomo. Msuli unaouzunguka mdomo hulegea usipotumika kama msuli mwingine wowote, hata kama zamani ulifika do ya juu bila taabu. Mwanafunzi mpya hana kumbukumbu ya kumdanganya, kwa hiyo hupanda polepole. Anayerudi hutaka kuanzia pale alipoachia, na akishindwa huigandamiza tarumbeta mdomoni kwa nguvu hadi damu inakosa njia, noti zinapasuka, na kesho yake midomo imevimba.

Ndiyo maana namshauri kila anayerudi apige kidogo, kwa sauti ya chini, na apumzike kwa muda uleule aliopiga. Dakika 10 za asubuhi na nyingine 10 za jioni zina faida kuliko saa nzima ya Jumamosi. Anza na sol iliyo kwenye mstari wa pili, uishikilie kwa pumzi moja huku ukisikiliza kama inatetemeka mwishoni, kisha ushuke nusu toni kwa nusu toni hadi do ya chini. Noti hizo zikitulia, panda kutoka do hadi sol na kurudi bila kubonyeza vali yoyote, ili midomo na hewa vifanye kazi yenyewe. Wiki za kwanza sauti itakuwa kama bati linalokwaruzwa, na hilo halina dawa isipokuwa kurudi tena kesho. Ukiona pembe za mdomo zimeanza kuvujisha hewa, weka ala chini hata kama muda uliojipangia haujaisha. Nimewasikia wenzangu wakilaumu mwinuko wa Nairobi, kwamba kwenye mita takriban 1,700 juu ya usawa wa bahari pumzi haitoshi. Kwa maoni yangu, wengi wetu tunapungukiwa na pumzi kwa sababu tunapiga tumejikunja kwenye kochi.

Kabla ya hayo yote, ala yenyewe inahitaji kuoshwa, kwa kuwa tarumbeta iliyolala miaka mingi juu ya kabati huwa na uchafu usiotamanika kuvutwa kooni. Toa vali zote tatu na mirija inayovutwa, uilaze tarumbeta kwenye beseni kubwa lenye maji ya vuguvugu na sabuni kidogo ya vyombo, kwani maji ya moto huharibu vanishi yake, kisha upitishe brashi ndefu inayopindika ndani ya mirija mpaka maji yatoke safi. Kila vali ina namba yake, na ni lazima irudi kwenye tundu lake na kukaa sawasawa, la sivyo utapuliza na hewa isipite. Paka mafuta ya vali yanayouzwa katika maduka ya ala za muziki, wala si mafuta ya kupikia. Mrija ukigoma kutoka, usiukamate kwa koleo. Mpelekee fundi wa ala za shaba. Umwonyeshe pia madoa ya waridi yasiyofutika, kwa sababu huenda zinki imeanza kutoka kwenye shaba na mrija unaoza kutoka ndani.

Kwa sisi tunaoishi kwenye fleti, jirani naye ana haki yake. Kizibo cha mazoezi kinachowekwa kwenye mdomo mpana wa tarumbeta hupunguza sauti kiasi cha kukuwezesha kupiga jioni, lakini huikinza hewa na kumzoesha mtu kusukuma kuliko inavyohitajika. Kwa hiyo tafuta angalau siku moja kwa wiki ya kupiga bila kizibo, iwe ni kwenye ukumbi wa kanisa mchana usipokuwa na shughuli.

Mwalimu anafaa hata kwa vipindi vichache tu, maana ataona bega lililopanda au shavu lililofura usivyoweza kujiona mwenyewe. Kenya Conservatoire of Music, shule ya muziki ya Nairobi iliyoanzishwa mwaka 1944, ni mahali pazuri pa kuanza kuulizia. Zaidi ya mwalimu, tafuta bendi. Jeshi la Wokovu liliingia Kenya mwaka 1921, na bendi zake za shaba bado ni miongoni mwa zinazosikika sana jijini. Humo hupigwa koneti, ndugu mfupi wa tarumbeta, ambayo mpangilio wake wa vidole ni uleule wa tarumbeta ya kawaida, ya si bemoli. Ukipokelewa katika bendi yoyote, omba sehemu ya tatu. Noti zake ziko chini, ina mapumziko mengi, na inakufundisha kuwasikiliza wengine kabla ya kujisikiliza. Msimu wa Krismasi ndio wenye kazi nyingi na wapigaji wachache, kwa hiyo kiongozi wa bendi akija Novemba kukuomba uishike sehemu ya kwanza, mwambie kwa heshima kwamba mtazungumza baada ya Pasaka.