Kabla hujaikopa nadharia ya uchumi, kaa kwanza sokoni

Msomaji mmoja wa Siaya, anayesoma shahada ya pili, ameniandikia kwamba msimamizi wake anaiona nadharia yake haina mashiko, sasa anataka kubadilisha mada. Usibadilishe, mdogo wangu. Tasnifu yangu imepita mwezi jana, na kabla ya hapo jopo la chuo ambacho sitakitaja lilinicheka waziwazi. Mmoja aliuliza kama nimeleta uchumi au hadithi za sokoni. Bado linaniuma.

Hadithi yenyewe ni hii. Katika soko la Kibuye, Kisumu, kuna mama muuza omena, wale dagaa wa ziwani. Hujaza gorogoro, kopo la kupimia, akaisawazisha kwa kiganja, kisha akiona sura fulani hutia nyongeza mpaka inamwagika. Modeli niliyofundishwa inasema anamvuta mteja arudi. Nilipomuuliza, alinishangaa: "Huyu alikesha kwangu nilipofiwa na mume."

Jopo likanirushia Milton Friedman, mchumi wa Marekani. Katika insha yake ya 1953 alisema nadharia ipimwe kwa utabiri wake. Dhana zake kutofanana na maisha si hoja. Mama aseme atakalo, mradi anatenda kama mpiga hesabu. Wanaomtukana Friedman hawajamsoma, hoja hii ni nzito. Nikaichukua hivyo hivyo. Kama nyongeza ni chambo, mteja anayehamia Mombasa kesho asipewe. Nilimwona mmoja aliyekuja kuaga. Alipewa kuliko siku zote, na nyingine akafungiwa kwenye gazeti ya kula njiani. Mmoja si sampuli, najua. Niliwatafuta wengine, ila sehemu hiyo inachosha, nairuka.

Sasa sikiliza. Usiibebe nadharia kabla hujajua inamwonaje binadamu. Mchumi Mwingereza Lionel Robbins, mwaka 1932, alisema uchumi huchunguza jinsi watu wanavyogawa njia haba kati ya malengo yao. Hakusema lazima malengo yawe pesa! Kumkumbuka aliyekesha nawe ni lengo pia. Tumefundishwa nusu ya sentensi, tukatahiniwa kwa hiyo nusu.

Ila chunga. Ukisema kila kitu ni lengo, nadharia yako haitakosea kamwe, na isiyoweza kukosea haielezi chochote. Hapo ndipo wengi wenu mnaangukia, mnadhani kumtaja Max Weber, mwanasosholojia aliyetaka tuelewe maana ya tendo kwa mtendaji, kunatosha.

Kwa hiyo andika, kwa kalamu, ni jambo gani likionekana sokoni litaangusha maelezo yako. Kisha mrudie msimamizi. Akikucheka, mwombe kwa adabu akutajie la kuangusha yake.