Muulize Anti: Koneksheni imetupiwa kwenye grupu la mtaa, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo Anti. Mimi ni kijana wa miaka 26 niko Morogoro, ni admini wa grupu la WhatsApp la mtaa wetu, tunatangaziana misiba, michango, maji yakikatika, mambo kama hayo. Juzi usiku jamaa mmoja katupia koneksheni (video ya ngono iliyovujishwa) ya binti wa hapahapa mtaani, yani mama yake yumo humohumo kwenye grupu. Watu wakaanza "asante mkuu", "full ipo?", wengine emoji za kucheka. Nikaifuta nikamtoa jamaa, basi nikaogeshwa matusi, naambiwa najifanya mlokole, serikali yenyewe imefungia masaiti ya ngono na watu wanaingia na VPN (app za kukwepa kufungiwa) sembuse mimi. Eti binti ndo wa kulaumiwa, nani alimtuma ajirekodi. Nimekosea? Na sheria inasemaje?
Admini, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Hujakosea hata kidogo, na huyo jamaa usimrudishe hata akiletewa wazee.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kifungu cha 14 inamshika anayechapisha picha za ngono au anayesababisha zichapishwe mtandaoni. Faini haipungui milioni 20 au jela isiyopungua miaka 7, au vyote viwili, na zikiwa zile chafu zaidi inapanda milioni 30 au miaka 10. Kama binti hajafika miaka 18 ni kifungu cha 13, hapo faini inaanzia milioni 50. Kwahiyo wanaoforwadi kwa kujifurahisha wajue wanachocheza nacho.

Hilo la VPN wamesema kweli nusu. Mamlaka ya mawasiliano, TCRA, iliwataka wanaotumia VPN watoe taarifa kabla ya 30 Oktoba 2023, alafu mwaka 2025 mtandao wa X (zamani Twitter) ukazimwa, na Jerry Silaa aliyekuwa Waziri wa Habari wakati huo akasema ni sababu unaruhusu maudhui ya ngono, wapo walioona ni siasa tu na siwashangai. Ila video ya huyo binti haikutoka saiti yoyote ya nje, imetoka kwenye simu ya mtu aliyemuamini, ikapita grupu kwa grupu mpaka ikamfikia mama yake. Hapo serikali ifunge saiti mia haisaidii kitu.

Kinachoniuma mimi ni jinsi tulivyobadilika. Enzi za mikanda ya ngono mtu aliangalia kwa kujificha, kwenye kibanda cha video mlango umefungwa, akikutana na shemeji yake nje anageuza njia. Saivi mtu anaomba koneksheni hadharani kwa namba yake na picha ya profaili kavaa suti ya harusi, mwenye kuona aibu hayupo tena, aibu yote kaachiwa binti peke yake. Na usidhani sheria kali ndo inaponya hilo. Uganda walipitisha sheria ya kupinga ponografia 2014, matokeo yake wanaume wakaanza kuwavua wanawake nguo barabarani kisa sketi fupi, mpaka mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ikafuta vipengele vyake muhimu. Walioumia ni wanawake, kama huyo wenu.

Na hilo la kujirekodi, hata kama alijirekodi mwenyewe, alimtumia mtu mmoja, hakuwatumia ninyi mtaa mzima.

Sasa fanya hivi. Kama ile meseji bado unayo mahali, piga skrini shoti ya namba ya aliyetupia na saa, ila video yenyewe usiisevu wala usimtumie mtu "kama ushahidi". Weka grupu admini peke yake ndo aandike kwa siku kadhaa mpaka watu watulie. Mtafute dada au mama mdogo wa binti, mtu anayemuamini, amwambie kuna anayejua nani kasambaza na yuko tayari kwenda nae polisi, waende dawati la jinsia na watoto, sio kaunta ya mbele kwenye foleni ya watu. Kama ana miaka 18 na kuendelea ipo pia saiti ya StopNCII, inasaidia video isipandishwe tena Facebook na Instagram, na bure. Akikataa kwenda polisi usimlazimishe, zile skrini shoti mtunzie, anaweza akazihitaji baadae.