Maswali ya Wasomaji: Kelele za Tabaka la Umeme

SWALI: Habari za kazi, wakuu. Nimechora bodi ya matabaka manne ya shaba ya kupima joto la friji za samaki kule Feri. Ina maikrokontrola ya volti 3.3, modemu ya 2G ya volti 4, na kihisi cha joto cha TMP36. Modemu ikianza kutuma, joto linaruka nyuzi 2 hadi 3 ilhali mlango wa friji umefungwa. Nimeongeza kapasita sita za nanofaradi 100 kwenye umeme wa modemu, hali ni ileile.
Msomaji, Kigamboni

JIBU: TMP36 hutoa milivolti 10 kwa kila nyuzi, kwa hiyo unachokimbizana nacho ni milivolti 30 tu. Modemu ya 2G inapotuma huweza kuvuta hadi ampea 2 kwa maikrosekunde 577, ikapumzika, kisha ikarudia kila milisekunde 4.6. Ampea 2 zikipita kwenye shaba yenye ukinzani wa miliomu 15, hizo milivolti 30 zimeshapatikana.

Kapasita zako sita kwa mvuto huo zinakauka ndani ya maikrosekunde moja hivi. Kazi yake ni kuzima kelele, yaani mitikisiko ya volti, za haraka za chipu. Modemu inataka kapasita ya maikrofaradi 1000 karibu kabisa na miguu yake, nayo hata hiyo ingekuwa peke yake ingeshuka volti 1.15 kwa mtumo mmoja, ndiyo maana njia kutoka kwenye regulata (chipu inayotuliza volti) lazima iwe pana na fupi.

Kelele inafika kwenye kipimo, yaani sehemu ya maikrokontrola inayosoma volti ya kihisi, kwa njia mbili. Ya kwanza ni graundi, shaba ya volti sifuri ambako mkondo hurudia: kihisi kikishika graundi pale mkondo wa modemu unaporudia, tofauti ya volti inajumlishwa moja kwa moja kwenye kipimo. Ya pili ni volti 3.3 yenyewe, kama ndiyo rejea ya kipimo, yaani volti ambayo kipimo hulinganisha nayo. Friji ikiwa nyuzi 18 chini ya sifuri, kihisi kinatoa milivolti 320. Rejea ikishuka asilimia 5, utasoma milivolti 337 hivi, yaani nyuzi 1.7 za uongo.

Kabla ya kushika bunduki ya solda, sogeza antena ya modemu mbali kwa waya wake. Kuruka kukikoma, mkosaji ni mawimbi ya redio yanayoingia kwenye waya wa kihisi, si tabaka la umeme. Kukiendelea, shika osiloskopu (kifaa kinachochora volti kwenye skrini), ukiondoa ule waya mrefu wa graundi wa probu na kutumia springi fupi. Gusisha ncha ya probu kwenye graundi ileile: ukiona mawimbi bado, ni probu inayoyaokota.

Dawa ya bei rahisi kuliko zote ni ya programu: soma joto kabla ya kuamsha modemu. Baada ya hapo weka rezista ya kiloomu 1 na kapasita ya nanofaradi 100 mlangoni mwa kipimo, na urudishe graundi ya kihisi kwenye maikrokontrola, si kwa modemu. Kapasita ndogo za kauri za kubandikwa juu ya bodi kwa kawaida haziandikwi thamani. Ukizinunua Kariakoo kwa kipande, zipime kwa mita kwanza.

SWALI: Mstari wa saa (mapigo yanayoratibu usomaji) wa kadi ya kumbukumbu, MHz 20, unapita tabaka la nne la bodi yangu na kuvuka mpaka wa volti 3.3 na 5 kwenye tabaka la tatu. Data inaharibika mara mojamoja. Nikishusha hadi MHz 4 inatulia. Je, niache hivyo?
Msomaji, Sinza

JIBU: Usiache. Kupunguza kasi kumeipa ishara muda wa kutulia kabla haijasomwa. Kelele iko palepale.

Mkondo wa haraka hurudi kupitia shaba iliyo karibu zaidi na mstari wake. Kwako shaba hiyo ni tabaka la umeme, wala si graundi. Mkondo ukifika mpakani hauna pa kupita, unazunguka, na mstari unabeba kelele za pande zote mbili. Kwa bodi uliyo nayo, weka nanofaradi 100 kati ya vipande viwili vya umeme, milimita chache kutoka mstari unapovuka, na rezista ya omu 33 kwenye mguu wa chipu inayotoa saa.

Kwenye toleo lijalo hamishia mstari tabaka la kwanza, au geuza tabaka la tatu liwe graundi na usambaze umeme kwa njia pana. Wengi huogopa kupoteza uwezo wa kuhifadhi chaji ulio wa asili kati ya tabaka la umeme na la graundi. Kwa umbali wa milimita 1.2, ni pikofaradi 3 hivi kwa kila sentimita ya mraba. Bodi ya sentimita 50 za mraba inakupa pikofaradi 160, mara mia sita chini ya kapasita moja ya nanofaradi 100. Ila kila mstari wa haraka unapobadili tabaka, toboa tundu la graundi pembeni yake, ndani ya milimita 2.